F310 au samaki anayeng'aa: namna mbili za kuiona misuli ya kasi

Kwa kiinitete cha samaki pundamilia, mnyororo mwepesi wa miosini ya kasi (sehemu ndogo ya miosini, protini inayokunja misuli, ya aina iliyo kwenye misuli ya kasi) husomwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kingamwili F310 kutoka kwa panya, inayopatikana kwenye benki ya hibridoma (seli zinazotengeneza kingamwili) ya Chuo Kikuu cha Iowa. Ya pili ni samaki aliyepandikizwa jeni ya protini ya kijani inayong'aa chini ya promota (swichi inayowasha jeni) ya mylz2, jeni ya mnyororo huo mwepesi; promota ileile iliyotumiwa Singapore kutengeneza samaki wa mapambo wanaong'aa, walioanza kuuzwa Marekani mwaka 2003.

F310 hushika miosini yenyewe. Ukitazama kwa hadubini ya konfoka (ya leza) unaona mistari ya sakomea, yaani vipande vidogo vinavyojirudia ndani ya uzi wa msuli, na uzi uliovurugika hujitokeza mara moja. Lakini kiinitete lazima kiuawe na kugandishwa kwa kemikali, na nyuzi za kasi zimekaa ndani, chini ya tabaka la nyuzi za polepole; usipoifanya tishu ipenyeke vizuri, kingamwili hubaki juu juu.

Samaki anayeng'aa hutazamwa akiwa hai, siku baada ya siku. Ubaya wake ni kwamba protini ya kijani hudumu: jeni ikizimwa, mwanga unaendelea kuwaka. Tena huijaza seli nzima, haionyeshi sakomea.

Kwa kuhesabu nyuzi zinazozaliwa upya baada ya jeraha, ningechukua samaki anayeng'aa, kisha nimpake F59, kingamwili nyingine, kwa nyuzi za polepole. Kwa ugonjwa unaoharibu muundo wa uzi, F310 bila kusita.