Plans ya Death Cab for Cutie: maikrofoni moja ilitosha

Binamu yangu alikuwa akisoma Seattle wakati Death Cab for Cutie, bendi ya roki ya Marekani, walipoihama Barsuk, lebo ndogo ya muziki ya mji huohuo, wakaingia Atlantic, lebo kubwa. Alipokuja Nairobi likizo ya Desemba 2005 aliniletea CD ya Plans, iliyotoka Agosti mwaka ule, akanikabidhi kwa uso wa mtu anayetoa rambirambi. "Chukua tu," akasema. "Hawa wameshanunuliwa." Yeye alikuwa ameganda kwenye albamu yao ya kabla yake, Transatlanticism ya 2003, na hadi leo hajabanduka hapo. Plans ilipofika namba 4 kwenye chati ya Billboard, hilo nalo alilihesabu kuwa ushahidi wa kosa.

Mimi sikuwa na deni la mtu. Bendi yenyewe ndiyo kwanza naisikia.

Baada ya kuzisikiliza zote mbili niliona analolalamikia. Plans imepanguswa. Kila chombo kimekaa mahali pake kama sahani kabatini, na sauti ya Ben Gibbard iko mbele kabisa, safi, hata pale ambapo ungependa ikwaruze kidogo. Lakini kusema kampuni iliwaharibu si haki. Aliyeitayarisha ni Chris Walla, mpiga gita wao wenyewe wakati huo, yuleyule wa tangu lebo ndogo. "Marching Bands of Manhattan" inaanza polepole, tabaka juu ya tabaka, na dramu za Jason McGerr zinapokolea unajua hawa bado wanajua kusubiri.

Cha kuchekesha ni kwamba wimbo uliodumu kuliko zote humu haukuhitaji senti ya Atlantic. "I Will Follow You into the Dark" ni Gibbard peke yake, gita lake la mbao na maikrofoni moja. Basi. Anamwambia mpenzi wake kwamba siku atakapokufa, naye atamfuata gizani, hata kama huko hakuna mbingu wala moto. Kuna ubeti anaokumbuka shule ya Kikatoliki, vidole vilivyochapwa na mwanamke mwenye nguo nyeusi. Mimi nilisoma bweni kwa masista. Niliposikia ubeti ule mara ya kwanza nilitazama vidole vyangu nikacheka peke yangu, kisha nikaurudia wimbo mara nne.

"Someday You Will Be Loved" sikuupenda kamwe. Mwanamume anamwacha msichana usingizini, anaacha barua, halafu anamtuliza kwamba siku moja atapendwa na mwingine. Muziki mtamu, lakini huyo kaka angeitwa kikao cha wazee.

Wimbo wa 9, "What Sarah Said", nilikuwa nikiuruka kwa miaka. Piano tupu, mwendo mmoja, niliuona unachosha. Mwaka 2011 baba alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi, nasi tukawa tunakaa kwenye viti vya plastiki nje usiku kucha, mama akiwa na kanga mabegani. Televisheni ilikuwa ikijisemea ukutani, hakuna aliyeitazama. Kila nesi alipotokeza, vichwa vyote vikainuka pamoja, kisha vikainama pamoja. Siku ya tatu nikiwa kwenye matatu kuelekea nyumbani kuoga, simu ikaupiga wimbo ule wenyewe, na yote yalikuwamo: magazeti ya mwaka jana, televisheni, nesi, vichwa. Aliyeandika alikuwa amewahi kukaa kwenye kile kiti, au alimsikiliza vizuri aliyekaa. Hoja ya wimbo ni kwamba kupenda ni kukubali kumtazama mtu akifa. Nilishuka vituo viwili kabla ya changu nikatembea.

Baba alipona, kwa taarifa yenu. Lakini wimbo ule siuruki tena, hata ile piano ndefu ya mwishoni naiacha imalize.

Albamu inafungwa na "Stable Song", nao una hadithi. Ulitoka kwanza kama "Stability" mwaka 2002, kwenye EP (rekodi fupi kuliko albamu), wakati huo ukiwa na dakika zaidi ya 12. Hapa hazifiki 4. Binamu anasema huo ndio mkasi wa lebo kubwa. Mimi nimeusikiliza ule mrefu mpaka mwisho mara mbili, nikanywa chai katikati.

Naipa nyota nne. Ile CD bado ninayo, imekwaruzika. Inagoma kwenye wimbo wa 8, "Crooked Teeth", ule mchangamfu uliotiwa sukari mno, halafu inaruka moja kwa moja hadi "What Sarah Said". Sijaona sababu ya kutafuta nyingine.