Ndugu watatu, Canter moja na fuvu la magazeti

Kipeperushi cha hawa ndugu watatu wa maigizo kina namba tatu za simu, na kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani yoyote kati ya hizo itafaa. Nilimpigia Mkubwa, tukakubaliana bei. Kesho yake akanipigia wa Kati kuniuliza kama bado nina nia, maana nduguye hakumwambia kitu. Siku ya tatu Mdogo akatokea getini na futikamba, amekuja kupima bwalo. Yeye habari alizipata kwa fundi cherehani wao. Mlinzi alimweka nje nusu saa. Hapo ndipo nilipojua nimeingia kwenye familia ya watu.

Majina siyataji kwa sababu nina malalamiko mawili na sitaki kumharibia mtu riziki. Stoo yao iko Mlandege, Iringa mjini. Ukiuliza ndugu wa maigizo, bodaboda watakupeleka. Wamezaliwa Makambako, baba mmoja mama mmoja, na baba yao alikuwa seremala. Huo useremala unaonekana kwenye kazi yao, nitafika huko.

Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji, na ndiye mlezi wa klabu ya sanaa. Kila mwezi wa saba tunaigiza habari za Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwa kuwa alijiua tarehe 19 Julai 1898 kule Mlambalasi, na Kalenga yenye makumbusho yake siyo mbali na sisi. Miaka yote tumeigiza wenyewe kwa khanga, mipini ya mifagio na ndevu za masizi. Safari hii 19 Julai iliangukia Jumamosi, kamati ya wazazi ikasema tulete watu wa kazi, watoto waone jukwaa lenyewe.

Mkubwa alianzia 1,400,000: igizo la saa moja na nusu, jukwaa, taa, spika, waigizaji 11. Tukashuka mpaka 1,050,000, mafuta ya gari juu yao, chakula cha usiku juu yetu, nusu ilipwe kabla. Nilimwomba cheti cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, akakichomoa kwenye bahasha ya kaki hata sijamaliza sentensi. Usione haya kuomba. Wapo wanaojiita kikundi cha sanaa na mali yao yote ni spika moja. Kwa shule, milioni na ushee ni fedha nyingi, sibishi. Ila niliuliza na Mbeya nikatajiwa 700,000 bila jukwaa, yaani wangeigizia sakafuni kama sisi tu.

Walifika Ijumaa saa nane mchana, Canter imejazwa mbao za paini za Mafinga hadi imelalia upande. Nilikuwa na vipindi viwili, nikambembeleza mwenzangu anishikie, nikavuta kiti nitazame.

Jukwaa lao ni meza 12, kila moja mita moja kwa mbili, miguu inakunjika kwa bawaba na kufungwa kwa komeo kama la mlango wa bafu. Mdogo alizipanga peke yake. Kila palipokutana meza mbili aliweka pima maji, akapiga magoti, akachungulia tone la hewa linasimama wapi. Palipoinama alichomoa kisu, akakata kipande cha kandambili kuukuu, akakipenyeza chini ya mguu. Ana gunia zima la kandambili zilizokatika. Nikamuuliza kwa nini asitumie vipande vya mbao, navyo vimejaa garini.

"Mbao inalia, mwalimu. Mtemi anatoa hotuba, huku chini inasema kwii. Watu wataacha kumsikiliza mtemi."

Jukwaa halikulia usiku kucha, na watu 11 walilirukia.

Huyo Mdogo ndiye mtu wa sauti pia, na kompyuta hana. Bunduki zake ni vipande viwili vya ubao mgumu vilivyoungwa kwa bawaba: anafungua kama kitabu, anavifunga kwa nguvu mbele ya maiki. Mizinga ni bati linaloning'inia kwenye kamba, anapiga kwa ngumi iliyovaa soksi. Mvua ni mtama ndani ya bomba la maji lililopigiliwa misumari ndani ndani, analiinamisha polepole. Moto wa kijiji kuungua ni maganda ya biskuti anayoyafikicha sikioni mwa maiki. Wasichana wangu wawili walikaa naye nyuma ya pazia, akawafundisha. Sasa bweni zima lina mabomba ya mtama, na matroni haniamkii vizuri.

Upande wa maleba sina cha kukosoa. Migolole ilikuwa mizito, imefungwa begani inavyotakiwa, si shuka za hospitali kama nilivyoona kwingine. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, jukwaani ulikuwa chai ya rangi, lakini waliunywea kwenye mbeta halisi za mianzi. Mkuki wa Mkwawa una bamba la bati lililong'arishwa hadi likarudisha mwanga wa taa kwenye dari. Baridi ya Julai ya Iringa unaijua: sisi tulijifunika mablanketi, na askari wa kivita walikuwa vifua wazi, wanatetemeka kweli. Kwenye vita ilisaidia.

Sasa lile lililonikera. Tangazo lilisema saa kumi na mbili na nusu jioni. Igizo lilianza saa mbili na dakika tano. Wasichana 400 walikaa sakafuni kwenye saruji, wakaimba nyimbo zote za kwaya, wakazirudia. Nilikwenda nyuma ya pazia nikawakuta Mkubwa na wa Kati wamesimama wakitazamana, wamevaa tayari, na mswada umetupwa chini.

Ugomvi ulikuwa mwisho wa igizo. Mkubwa, ambaye ndiye anayeshika fedha na ndiye anayeigiza Mkwawa, alitaka waishie mwaka 1954, fuvu la Mkwawa linaporudishwa kutoka Ujerumani na watu wanacheza ngoma. Anasema anayelipa apewe furaha ya kuondokea. Wa Kati, aliyesomea chuo cha sanaa Bagamoyo na ndiye mwongozaji, alitaka igizo liishe kwa Mpangile. Kwa asiyejua: Mpangile ni nduguye Mkwawa. Ngome ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, Mkwawa akaingia porini, na Desemba 1896 Wajerumani wakamsimika Mpangile atawale mahali pake. Haikufika miezi mitatu wakamuua, wakidai anamsaidia kaka yake kwa siri. Wa Kati ndiye anayeigiza Mpangile. Kumbe walikuwa hawasemezani tangu Alhamisi, wanatumiana maneno kupitia Mdogo.

Mdogo, akiwa na bawaba zake mkononi, akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba ndivyo biashara hii ilivyo. Kaka yake wa Kati alirudi na hadithi hiyo kutoka chuoni: New York walikuwepo ndugu watatu wa ukoo wa Shubert, wenye majumba ya maigizo. Mmoja, Sam, alikufa kwa ajali ya treni huko Pennsylvania mwaka 1905, na wawili waliobaki, Lee na Jacob, wakaendesha kampuni kubwa kuliko zote huku vipindi vingine hawaongei, wanaagizana kwa wafanyakazi. "Na biashara ilikwenda," akasema. Nikamjibu kwamba hao wa New York hawakuwa na watoto 400 wanaoganda kwenye saruji.

Mwishowe niliamua mimi, kama mlipaji: chezeni zote mbili, Mpangile kwanza, fuvu baadaye, na muanze sasa hivi. Mkubwa akasema, "Sawa, mwalimu." Wa Kati hakusema kitu, akainama kuokota mswada.

Nitawaambia nilichokiona baadaye. Igizo linafungua na vita vya Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski, kamanda wa Wajerumani, anaingia na kofia yake nyeupe akijivuna, na askari mmoja anamwita kwa jina walilompa wenyeji, Nyundo. Mbao za Mdogo zikalia, bati likalia, wasichana wakapiga mayowe hadi wapishi wakatoka jikoni. Ni vita nzuri, lakini vita kila mtu anaijua. Kilichonishika ni baada ya hapo. Mjumbe anamkuta Mkwawa porini, anamwambia nduguyo amekalia kiti. Mkubwa alitakiwa kupiga kelele. Niliusoma mswada, umeandikwa "kwa ghadhabu". Hakupiga. Alikaa chini kwenye ukingo wa jukwaa, miguu inaning'inia, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nyumbani: "Amekula?"

Bwalo likanyamaza. Wa Kati alikuwa amesimama upande wa pili gizani akisubiri zamu yake, na nilikuwa nimekaa mahali pa kumwona. Neno lile halimo kwenye mswada. Alifuta uso kwa pindo la mgolole, akaingia kwenye mwanga, akacheza Mpangile ambaye sijawahi kumwona kwenye igizo lolote la Mkwawa: mtu aliyekubali kiti kwa hofu na aibu, anayemwachia kaka yake chakula njiani usiku. Alipouawa, msichana wa kidato cha pili pembeni yangu alisema "Jamani!" kwa sauti, na hakuna aliyemcheka.

Walipocheka ni kwenye fuvu. Fuvu lao limefinyangwa kwa magazeti na uji wa ngano, limepakwa rangi ya chai, kwa mbali zuri kabisa. Gavana Twining wa Tanganyika anamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, mikono ya Gavana inateleza (alikuwa na glavu), fuvu likadunda mara mbili, likabingirika likaishia kiatuni pa mkuu wa shule. Mkuu wetu ni mtu wa hesabu, hana mzaha. Akaliokota, akalitazama, akasoma kwa sauti kichwa cha habari ya mpira kilichobaki ndani, kisha akasimama akalikabidhi yeye mwenyewe kwa mikono miwili. Vigelegele vyake vilishinda vya Lugalo.

Kama mwalimu wa Kiswahili nina neno kwenye lugha. Sehemu ya Mpangile imeandikwa na mtu anayejua kazi. Sehemu ya askari imeachiwa waigizaji wajaze, nao wanajaza kijiweni: mwaka 1891 mtu anamwita mwenzake "mzee baba", na mwingine anaahidi Wajerumani watapigwa na kitu kizito. Wasichana walipenda, mimi nilikunja uso. Umeme ulikatika mara moja. Jenereta yao ilishawashwa tangu mapema nyuma ya jiko, imezungushiwa magunia ya mchanga isingurume, giza halikumaliza dakika moja. Jumapili asubuhi bwalo lilikuwa safi kuliko tulivyowapa, mpaka msumari mmoja mmoja waliuokota kwa sumaku iliyofungwa kwenye fimbo.

Lalamiko la pili ni risiti. Tulilipa nusu ya pili Jumamosi usiku, tukapewa karatasi ya kitabu cha risiti iliyoandikwa kwa mkono. Mhasibu wa shule haitambui karatasi hiyo, anataka ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na ana haki. Nikampigia Mkubwa, akasema mashine iko kwa wa Kati. Wa Kati akasema mashine anayo, ila karatasi zake za kuchapia zimeisha na fedha za kununulia zinatoka kwa Mkubwa. Siku tatu nikawa mjumbe wa porini.

Kwa hiyo ukiwataka, ushauri wangu ni huu: bei ongea na Mkubwa, mswada ongea na wa Kati, halafu yote uliyokubaliana mtumie Mdogo kwa ujumbe wa maandishi, kwa sababu ndiye pekee anayeongea na wote. Watajie saa moja na nusu kabla ya saa unayotaka. Na sema mapema kwamba risiti ya EFD ndiyo inafungua nusu ya pili, mimi sikusema. Kwa mahafali ya kidato cha nne nimeshawapa tarehe. Nyota nne, na ya tano nimeiacha kwenye saruji na wale wasichana.

Jumatano saa tano Mdogo alikuja na bodaboda. Alikuwa amefuata kofia ya Zelewski, waliisahau juu ya kabati la vikombe. Nikamwambia kofia haitoki bila risiti. Akacheka, akasema, "Iangalie ndani, mwalimu." Risiti mwenyewe aliificha humo tangu Jumapili, kaka zake wakiwa bado wanabishana nani akanunue karatasi.