Wakala wa ajira walionitafutia kazi: jina langu, wasifu wa mtu mwingine

Nyota mbili. Ngoja, hapana, moja. Niandike kwanza, nyota tutazijua mbele ya safari.

Nilikaa dirishani benki miaka tisa nikihesabu noti za watu. Aliyewahi kuwa keshia anajua: jioni hesabu ikipungua, unafidia mwenyewe. Nikachoka. Nikaanza kusomea usiku mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, maana kwa sheria ya 2007 huwezi kujiita mtu wa ununuzi bila kusajiliwa na Bodi, nami sikutaka kuingia fani ya watu kwa kuruka ukuta. Rafiki akanielekeza kwa hawa wakala. Ofisi iko Mikocheni, Dar es Salaam, ghorofa ya pili, kiyoyozi kinapiga utadhani uko Makambako.

Mdada aliyenipokea hana baya, wakati ule. "Kaka angu, tulia, hii kazi tumeizoea." Akachukua wasifu wangu, akachukua namba, basi. Niwape haki yao: hawakunidai hata mia. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba anayewalipa ni mwajiri, mtu akishaingia kazini. Mteja wao ni yeye. Mimi ni mzigo unaopelekwa, na mzigo hauulizwi umefungwaje.

Nikakaa kimya cha wiki nyingi. Siku moja jioni simu: kesho saa tatu asubuhi, usaili, Barabara ya Nyerere. Kampuni gani? "Tutakutumia lokesheni." Ikaja saa tano usiku. Asubuhi nikapanda mwendokasi Kimara nikiwa nimeshika bomba kwa mkono mmoja, bahasha ya kaki kwa mwingine, nikashuka Gerezani, nikamalizia na bodaboda. Shati limekunjamana, lakini moyo mweupe.

Ndani nikamkuta mzee mmoja, meneja wa ugavi, na mama wa utumishi. Shikamoo mzee. Marahaba, huku macho yako kwenye karatasi. "Naona una miaka mitano kwenye uagizaji. Hebu niambie, kontena zenu zilikuwa zinakwama wapi zaidi? Kabla wakala wa forodha hajawasilisha TANSAD, au TRA wakishaleta tathmini?"

Kontena zetu. Kontena zipi, jamani?

TANSAD, ile hati ya kutangaza mzigo forodhani, nimeisoma kitabuni, naweza kukueleza ni nini. Lakini swali lile halijibiwi na kitabu, linajibiwa na mtu aliyewahi kulala na presha kwa sababu mzigo uko bandarini na gharama za kuhifadhi zinapanda. Nikaomba nione ile karatasi. Jina langu. Namba yangu. Chuo changu. Halafu benki yangu, na chini yake, badala ya keshia: "Afisa Ununuzi Mwandamizi". Nimebobea TANCIS, mfumo wa forodha wa TRA. Tena ni "mtumiaji mahiri wa TANePS", mfumo wa ununuzi wa umma ambao serikali ilishauacha ikahamia NeST 2023. Yaani hata uongo wenyewe umepitwa na wakati!

Nikatoa nakala yangu kwenye bahasha. "Mzee, hiyo sikuiandika mimi. Yangu ni hii." Akaisoma taratibu, ukurasa mmoja tu lakini niliona kama anasoma gazeti la Jumapili. Swali lake la mwisho: dirishani, fedha zilinipungukia mara ngapi? Nikamwambia mara mbili, nililipa zote. "Haya, tutakupigia." Hiyo kauli sote tunaijua.

Nikampigia mdada nikiwa bado getini. Na hapa ndipo hasa paliponitoa povu, kuliko hata usaili wenyewe. Akacheka. "Kaka angu, tumeboresha tu. Ukiandika keshia nani atakuita?" Kuboresha ni kupaka nyumba yangu rangi. Huyu alibeba nyumba ya jirani akaiweka kwenye kiwanja changu. Watu wa ugavi mji huu wanajuana. Angekuwa meneja mwingine, jina langu lingefika Kurasini kabla mimi sijafika kituoni.

Wewe unayehama fani, omba faili lilelile wanalolituma, lisome kabla halijatoka. Wakikwambia ni utaratibu wa ofisi, nenda na bahasha yako. Na jina la kampuni ulijue mapema, si saa tano usiku.

Sasa, sijui niseme nini kuhusu kilichofuata. Kama wiki mbili hivi mama wa utumishi akanipigia mwenyewe. Ile nafasi ya ununuzi alipewa mtu mwingine, ila kuna nafasi ya mtunza stoo msaidizi, mzee ameuliza kama yule kijana wa benki ataitaka. Mshahara ni mdogo kuliko wa dirishani. Nikaitaka. Na hapo hasira yangu ikaanza kujichanganya, kwa sababu mdada alisema kweli: wasifu wangu halisi, keshia miaka tisa, mlango ule usingefunguka. Usiku ule nikasema nisiwe mtu wa visasi, nikawapandisha mpaka nyota tatu.

Juzi mama wa utumishi ananiambia wakala wameshaleta ankara yao. Sawa, biashara. Jana nafungua WhatsApp, statasi ya mdada: picha yangu ya pasipoti, ileile niliyobandika kwenye wasifu, na juu yake maua na maneno, "Afisa Ununuzi Mwandamizi mwingine tumemweka kazini!"

Niko stoo nahesabu ndoo za grisi, dada yangu. Nyota moja.