Toleo refu la The Lord of the Rings: busu moja limeruhusiwa, jingine limezomewa

Watu wakilisifia toleo refu la The Lord of the Rings husifia vita, farasi na milima. Mimi nalipenda kwa sababu nyingine. Sijaona filamu nyingine za vita ambamo wanaume wanashikana mikono, wanakumbatiana na kulia mbele ya wenzao kiasi hiki, na wahusika wenyewe wasione ajabu yoyote. Ajabu wanaiona watazamaji, hasa sisi wanaume.

Kuhusu sanduku lenyewe la diski nitasema machache. Filamu tatu za mwongozaji Peter Jackson, zilizotoka mwaka 2001, 2002 na 2003, hapa zinafika zaidi ya saa 11, karibu saa 2 zaidi ya zile zilizoonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Kila filamu imegawanywa katika diski 2, kwa hiyo lazima mtu ainuke katikati kubadilisha. Picha na sauti ni safi.

Nilitazama na kaka zangu na marafiki, wanaume watupu. Mwishoni mwa filamu ya kwanza Boromir, shujaa anayeigizwa na Sean Bean, analala na mishale kifuani. Aragorn, mpiganaji mwenzake, anapiga magoti pembeni yake, na Boromir anapokata roho, Aragorn anainama na kumbusu kwenye paji la uso. Chumba kizima kimya. Mmoja wetu alijifuta macho na hakuna aliyemtania. Tukafika filamu ya tatu, bandarini, Frodo, mhusika mkuu, anaagana na wenzake. Anamkumbatia Sam, rafiki yake wa safari yote, kisha anambusu palepale, kwenye paji la uso. Hapo miguno ikaanza. Mmoja akapiga mluzi, mwingine akauliza harusi ni lini.

Busu ni lilelile. Tofauti ni kwamba Boromir alikuwa anakufa, na Sam yu hai, anarudi kwa mke na watoto wake.

Tangu hapo naona jambo hili kila mahali katika hadithi tunazopenda. Upole kati ya wanaume tunaukubali ukiwa umelipiwa kwa damu. Sam anapombeba Frodo mgongoni kwenye Mlima wa Adhabu hakuna anayecheka, kwa sababu wote wawili wako taabani. Frodo anapoamka kitandani salama, rafiki zake Merry na Pippin wakamrukia kwa furaha, watu wanaanza kukohoa na kutazama simu zao. Hatari ikishaondoka, tunataka mikono nayo iondoke. Hili linaniuma, kwa sababu wanaume wengi ninaowapenda hawajakumbatiwa na rafiki isipokuwa msibani.

Ndiyo maana tukio lililoongezwa katika filamu ya pili lina thamani kubwa kwangu. Faramir anamkumbuka kaka yake Boromir siku walipoukomboa mji wa Osgiliath. Ndugu hao wanacheka, wanakumbatiana, wanakunywa pamoja, mpaka baba yao anaingia, anamsifu mmoja na kumdharau mwingine. Sinema hazikuonyesha kipande hiki. Bila hicho, Faramir ni kijana mwenye huzuni tu. Ukikiona, unajua amepoteza mikono ya nani. Kwangu kipande hicho peke yake kinatosha kulipia sanduku zima.

Wapo wanaowaona Frodo na Sam kama wapenzi, na wameipenda hadithi hii kwa sababu hiyo. Sina ugomvi nao. Wanatazama kwa moyo. Ugomvi wangu ni na wanaolitamka jambo hilo kwa kejeli, ili wasikiri kwamba nao wangependa mtu awashike mkono wakiugua. Maana katika kitabu chenyewe cha mwaka 1954, Frodo akiwa amepata nafuu ya jeraha lake huko Rivendell, Sam anaushika mkono wake, anaupapasa taratibu, halafu anaona haya na kugeuka upesi. Haya hiyo Tolkien, mwandishi wa kitabu, aliijua. Alipigana kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwenyewe aliandika kwamba kufikia 1918 marafiki zake wa karibu wote walikuwa wamekufa isipokuwa mmoja. Sidhani mtu wa namna hiyo aliandika mikono ile bila kukusudia.

Lawama ninayoisikia mara nyingi ni kwamba filamu ya tatu haiishi, kila ukidhani imekwisha inaendelea. Sikubaliani nayo hata kidogo. Vita vya Pelennor, vita vikubwa vya filamu hiyohiyo, navyo ni virefu, na sijaona mwanamume akivitazama huku akiuliza saa ngapi. Kinachowachosha ni kuona wanaume wakiagana polepole.

Kwa hiyo nunua toleo refu, usichukue lile fupi. Kama muda unatosha filamu moja tu, chagua ya pili kwa ajili ya Osgiliath. Ukiweka ya tatu, usimpe rimoti yule anayesema kilichobaki ni kuagana tu.