Ati Lamu "si ni Pwani tu"

Nauza kofia kwenye programu hii ya kuuziana vitu tangu kabla ya Ramadhani iliyopita, na leo nasema wazi: usiwaamini na nauli ya mzigo.

Kofia yenyewe ilikuwa ya vito, zile za matundu ya kushonwa kwa mkono, kazi ya ami yangu. Alikaa nayo barazani karibu miezi minne, akitoboa na kuzungushia uzi tundu moja moja, mpaka ncha ya kidole chake cha shahada ikaota sugu. Nikaiweka 9,000, nikaandika bei inaongeleka. Mnunuzi wa Nairobi akaanza na 4,000. Sikuona vibaya, biashara ni maelewano. Akapanda, nikashuka, tukakutana 7,500, usafiri juu yake. Muungwana kabisa.

Nilipobonyeza kukubali, programu ikajipigia hesabu yenyewe: usafiri shilingi 200. Mia mbili! Nikawapigia simu wenye programu. Kijana wao akanijibu, "Dada, mfumo unasoma Pwani. Lamu si ni Pwani tu? Peleka hapo stendi ya Mombasa."

Hapo! Mimi niko kisiwani. Mzigo wangu unashushwa gatini, unavuka kwa mashua hadi Mokowe, upande wa bara, ndipo upande basi: Hindi, Witu, Garsen, Malindi, zaidi ya kilomita 300 kabla haujaiona Mombasa. Nikamweleza hayo yote, kituo kwa kituo. Akacheka. "Basi dada, ongeza hiyo kwa bei ya kofia."

Bei tumeshakubaliana! Nimrudie mtu wa watu nimwambie nimegeuza kauli?

Kicheko kile kinaniuma mpaka sasa. Nililipa 650 iliyozidi kutoka mfukoni mwangu, na ami nikampa hesabu yake kamili bila kumwambia lolote.

Nyota moja. Ingawa, haki ya Mungu, mnunuzi yule nisingempata kwa kukaa dukani nikingoja watalii. Na kule kupeana bei kwenyewe ni kuzuri: mtu anataja yake, unataja yako, hakuna anayekutukana kama kwenye magrupu ya WhatsApp. Labda nyota mbili. Tatu, kama si yule kijana. Hapana, nikikumbuka "hapo stendi" narudi kwenye moja.

Ami amebakisha ukingo wa kofia nyingine. Pengine nitaiweka humo humo, lakini nauli ya mashua na ya basi nitaiandika mwenyewe juu kabisa, kwa herufi kubwa, kabla mtu hajataja bei.