Saa tano za Atlantis: siku yetu ya meli Nassau, pamoja na mama mzazi

Laiti ningejua, ningenunua bangili mbili tu za kuingilia bustani ya maji ya hoteli ya Atlantis. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, kijana wetu wa miaka 13, binti wa miaka 6, na mama yangu mzazi aliyekuja Atlanta kututembelea kutoka Mombasa. Meli ilitoka Port Canaveral, Florida, safari ya siku nne, na siku ya Nassau ndiyo iliyotukosesha usingizi nyumba nzima, kwa sababu kijana alishaona video za ule mtelezo unaopita katikati ya papa. Kila nikipika, simu inaletwa hadi jikoni. "Mama, tazama hii."

Kwa wasiopajua: Nassau ni mji mkuu wa Bahamas, kwenye kisiwa cha New Providence. Ng'ambo ya bandari kuna kisiwa chembamba, Paradise Island. Zamani kikiitwa Hog Island, yaani Kisiwa cha Nguruwe, mpaka tajiri mmoja wa Marekani, Huntington Hartford, alipokinunua na kukipa jina la kuita wageni. Simlaumu. Nani angelipa nauli akastarehe kwa nguruwe? Hoteli ya Atlantis yenyewe ni kazi ya Sol Kerzner wa Afrika Kusini, yule yule aliyejenga Sun City, mahali pa starehe na hoteli kule kwao. Aliingia pale mwaka 1994, na ile minara ya rangi ya waridi iliyounganishwa juu kwa daraja, ambayo unaiona ukiwa bado baharini, ikafunguliwa 1998. Atlantis ya Dubai, ambayo Wakenya wengi tunaijua kwa kuwa ndugu zetu wanafanya kazi mahoteli ya kule, ni ya 2008, mdogo mtu.

Sasa tiketi. Msafiri wa meli ana njia mbili: anunue kwa meli, apewe na usafiri, au anunue moja kwa moja kwa hoteli halafu ajipeleke. Hoteli huuza bangili za wageni wa siku kulingana na ilivyojaa, kwa hiyo siku yenye wageni wengi wa kulala, wa nje anaweza kukosa. Bei hupanda na kushuka kwa msimu, sitaandika namba ije ikupoteze. Mimi kwa woga wa kukosa nikachukua ya meli, na hapo ndipo nilipokosea.

Meli ilifunga gati saa moja asubuhi. Tukaambiwa tukusanyike ukumbi wa maonyesho saa mbili. Tukabandikwa vibandiko kifuani, namba 14, tukakaa. Wakaitwa namba 9, wakaitwa namba 10, kisha kimya. Mama, na buibui lake na kibandiko chake, akaniinamia akaniuliza kama tunamngoja daktari. Tulikanyaga gati saa tatu na robo, tukaandamana nyuma ya kijana mwenye kibango kama watoto wa chekechea, basi likatungoja tujae, na bangili tukavishwa saa nne kamili. Karatasi ya meli inasema wote ndani saa kumi na nusu. Sasa toa muda wa kurudi, toa muda wa chakula, toa wa kubadilisha nguo na kutafuta kabati la kufungia vitu. Jirani yetu wa chumba kule melini alishuka saa mbili kasorobo, akachukua teksi, robo saa akawa amevuka daraja. Tulipokuwa tunaingia sisi, yeye alishashuka mara tatu.

Njiani Mama alikuwa wa kwanza kugundua kitu. "Hawa mbona wanaendesha kama sisi?" Kweli, magari yanapita kushoto, urithi wa Mwingereza aliyewapa uhuru mwaka 1973. Ila mengi yametoka Marekani na usukani uko kushoto pia, kwa hiyo dereva amekaa upande wa ukingo wa barabara. Mama hakuipenda hiyo hata kidogo. Matatu zao huitwa jitney, na mjini ni rahisi, lakini hazivuki kwenda Paradise Island. Dola yao ni sawa kwa sawa na ya Marekani na zote zinapokelewa, usihangaike kubadilisha.

Bustani ya maji inaitwa Aquaventure, eka 141, na huo ukubwa unauhisi miguuni. Beba kandambili, sakafu ile saa sita ni kikaango. Kitovu chake ni jengo lililofanywa kama hekalu la Wamaya, na juu yake ndiko uliko ule mtelezo wa kijana wangu, Leap of Faith. Mita 18, karibu wima, na chini yake unapita ndani ya bomba angavu la kuonea nje, lililozungukwa na maji ya papa. Baba yake alipanda naye ngazi hadi juu, akachungulia, akashuka kwa ngazi. Alisema amesahau miwani. Kijana akakunja mikono kifuani, akapotea. Nilikuwa nimesimama chini na simu tayari, na nilichopata ni picha ya maji. Akatoka upande wa pili anatembea kama kuku aliyenyeshewa, kaptura imemfika kwapani, anacheka peke yake. Wale papa, je? "Sikuona kitu, nilifumba macho."

Basi nikamwambia twende ule wa pili, Serpent, ambao nao unaanzia kwenye hekalu hilo hilo. Huo unakaa kwenye boya, unazunguka gizani, halafu mwendo unapungua na unaelea taratibu ndani ya bomba, papa wanapita pembeni na juu yako. Kwa wenye moyo kama wangu, huo ndio wa kupanda. Nilivaa vazi langu la kuogelea la stara, mikono hadi viganjani, na hakuna aliyenigeukia mara mbili.

Binti alipimwa kwa kijiti cha urefu, akaonekana hafiki, akalia. Vijana wanaolinda pale hawana mchezo na kile kijiti, nami nawashukuru, maana angenilazimisha. Tukampeleka sehemu ya maji ya watoto, akacheza nusu saa, akaanza kutetemeka, akataka kwa nyanya yake. Pesa ya bangili yake ikaishia hapo.

Nyanya yake alikuwa kivulini, amekaa wima kama yuko harusini asikojua mtu, mkoba mapajani. Ndipo nikakumbuka kuwa chini ya ile minara kuna matangi ya samaki, The Dig wanapaita, njia za giza zilizopambwa kama magofu ya mji uliozama. Nikawachukua wote wawili. Nilidhani tutapita dakika 10.

Tulikaa saa nzima na nusu. Mama ni binti wa mvuvi, kazaliwa Vanga, na sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akiongea hivyo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akausogeza uso karibu na kioo mpaka ukungu wa pumzi ukaonekana. "Huyu chewa. Huyu mkubwa, nyama yake ngumu, chewa mtamu ni wa kiasi." Kwenye tangi la kamba alianza kuhesabu, akaacha, akashika kichwa. Walipopita wale samaki bapa, taa, juu yetu, weupe tumboni, wamekunjua mabawa, akamweleza mjukuu wake kwamba mkia ule una mwiba na babu yake mkubwa uliwahi kumchoma akalala siku tatu. Hadithi hiyo mimi sijawahi kuisikia, na nina miaka 41. Kisha tukafika kwa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Alikuwa amejibana kwenye pango la saruji, kichwa nje, mdomo unafunguka na kufumba, mnene ajabu. Mama akasimama mbele yake muda mrefu. Wazungu wawili wakaja, wakapiga picha, wakaondoka, yeye bado yupo. "Huyu," akasema, "tui zito, ukwaju kidogo." Binti yangu akamwambia mkunga, kwa Kiingereza, asiogope.

Pembeni kuna kidimbwi cha pomboo, Dolphin Cay, ambacho kilianza na pomboo waliookolewa Gulfport, Mississippi, baada ya kimbunga Katrina cha 2005. Kukutana nao ni tiketi nyingine. Hatukuilipa. Mtu aliyewaona kisiwani Wasini, kule pwani kwetu, wakifuata mashua kwa hiari yao, hawezi kulipia wa kidimbwini, lakini hayo ni yangu.

Sala ya adhuhuri ilimkuta Mama kwenye kona yenye kijani nyuma ya matangi. Mombasa kibla ni kaskazini tupu, unajua bila kuuliza. Huku simu inaonyesha kaskazini mashariki, na tangu afike Atlanta hajaizoea, kila mara anainua simu, anaitazama kwa shaka, anageuka kidogo tena ili ajiridhishe. Mfanyakazi mmoja wa bustani, mama wa makamo wa pale pale, alizima mashine yake ya kupeperushia majani mpaka akamaliza. Hakuambiwa na mtu. Mama alimpa peremende mbili kutoka kwenye mkoba.

Chakula: tulikula vitu vya kawaida vya bustani za maji, nyama ndani ya mkate na viazi, sina la kusema. Kama una muda, sehemu ya maduka na migahawa kwenye gati la mashua za kifahari, Marina Village, huhitaji bangili kuingia. Ufuo nao tulipita tu. Mchanga mweupe, maji ya rangi ile ya Diani saa nne asubuhi, na mawimbi yanayokuja kwa nguvu kwa sababu upande ule umeelekea bahari kuu. Mume wangu, ambaye tulimpoteza muda wote huo, tulimkuta kwenye ule mto unaozunguka bustani, amelala ndani ya boya, mzunguko wa tatu. Anasema ndio bora kuliko yote. Anaweza kuwa na haki, ni mrefu na una sehemu za mawimbi, si maji yaliyolala.

Saa tisa tukatoka. Basi la meli tukaliacha liende, tukachukua teksi, kwa sababu nilitaka kusimama Potter's Cay, vibanda vilivyoko chini ya daraja upande wa mjini. Pale wanauza konki, konokono mkubwa wa baharini. Muuzaji anatoboa gamba kwa nyundo, anaingiza kisu, anavuta nyama, anaikata mbele yako pamoja na kitunguu, nyanya, pilipili hoho na pilipili kali, kisha anakamulia ndimu na chungwa. Ni kachumbari, tofauti ni huyo konokono mbichi ndani. Mimi na kijana tulimaliza bakuli. Mama alilamba kidole kilichogusa mchuzi, akasema chumvi imepungua, akakataa zaidi. Tulipanda meli saa kumi na dakika kumi, dereva wa teksi akiwa ametulia kabisa na mimi nikiwa nimekauka midomo.

Nikirudi tena, bangili za mitelezo ni za baba na kijana, na wao washuke mlango ukifunguliwa tu, kwa teksi, bila kibandiko kifuani. Kwa wasiopanda mitelezo kuna tiketi ya kuona samaki peke yake, ya bei nafuu. Mimi, Mama na binti ingetutosha kabisa. Na kama unamleta mzazi kutoka nyumbani kwa safari kama hii, hakikisha visa yake ya Marekani ni ya kuingia mara nyingi, maana meli ikirudi Florida anaingia upya, na uliza mapema masharti ya Bahamas kwa pasipoti yake.

Jioni, meli ikiondoka, tulisimama kwenye sitaha tukiitazama minara inageuka rangi kwa jua la magharibi. Mtandao wa bandarini ulikuwa bado unashika, kwa hiyo Mama akampigia shoga yake wa Kisauni, na kule ilikuwa karibu saa saba usiku, lakini akapokelewa. Nikatega sikio nisikie atakavyoielezea hoteli. Minara hakuitaja, wala mitelezo.

"Nimemwona mkunga mnene kama paja langu," akasema. "Wamemweka ndani ya kioo. Na hawamli!"