Kutembea Msitu wa Kakamega na Baba: mwongozaji aliyejua kungoja

Baba yangu ni seremala, kazi aliyoifanya Kisumu zaidi ya miaka arobaini. Mpe kipande cha mbao, atakinusa, atakikuna kwa ukucha, kisha atakutajia jina lake. Lakini miti yenyewe, ikiwa imesimama na majani yake, mingi hakuwahi kuiona. Ndiyo sababu mwezi wa Agosti nilimpeleka Msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno, tukachukua mwongozaji wa kututembeza kwa miguu.

Tulipanda matatu ya alfajiri, tukashuka Khayega, halafu boda mbili kupitia Shinyalu. Jitahidini mfike kabla ya saa mbili. Mvua ya huku hupenda kuja alasiri, na ndege husikika vizuri asubuhi.

Mwongozaji wetu alikuwa dada mmoja mzaliwa wa karibu na msitu. Kabla ya kusema lolote kuhusu miti alimtazama Baba anavyotembea, maana goti lake la kulia ni bovu. Akamletea fimbo, akashika mwendo wa Baba, si wa kwangu. Mwaka juzi kampuni moja ya matembezi ilitukimbiza mahali pengine mpaka mzee wangu akaachwa nyuma peke yake, kwa hiyo jambo hili naliweka mbele ya mengine yote.

Kama nusu saa ndani, dada akasimama chini ya mti mrefu wenye gome la kijivu. "Huu ndio Elgon teak, Mzee."

Baba hakujibu. Mbao hiyo ameipiga randa tangu ujana. Mlango wa nyumba yetu ni wa mbao hiyo. Aliweka kiganja kwenye gome, akainua uso polepole mpaka kofia ikamwanguka. "Kumbe ndiwe," aliuambia mti. Dada alimweleza kwamba una undugu na mzeituni, kwamba mikubwa mingi ilikatwa miaka ya nyuma kwa ajili ya mbao, na kwamba hukua taratibu sana. Baba akauliza kama kuna midogo. Dada angeweza kusema ipo tukaendelea, lakini alizunguka vichakani karibu dakika kumi hadi akapata mche usiofika magotini. Baba alichuchumaa mbele yake, na goti lile lile bovu. Nilimpiga picha.

Kwenye mti uitwao mwiritsa mazungumzo yaligeuka. Dada alifikicha jani, likatoa harufu ya lozi chungu. Baba alijua kuwa gome lake huchemshwa na wazee wenye shida ya tezi dume. Ambacho hakujua ni kwamba mti ukichunwa gome kuuzunguka wote, hufa. Biashara yake ya kimataifa imewekewa udhibiti tangu 1995. Aliuliza maswali mengi hapo, na dada akamjibu yote bila kutazama saa.

Mbega tuliwaona juu kabisa, mikia myeupe ikining'inia. Tulimwona pia ndege aitwaye turako mkubwa wa buluu, ambaye hapa Kenya ni wa kutafutwa huku magharibi. Hondohondo walipopita juu yetu mabawa yao yalivuma, Baba akasema ni sauti ya randa kwenye mbao kavu. Kilima cha Lirhanda, chenye handaki la zamani la dhahabu lililojaa popo, tulikiacha kwa sababu ya goti. Dada mwenyewe ndiye aliyetushauri hivyo, ingawa safari ndefu ingemletea pesa zaidi.

Ukienda na mzee, beba kigoda cha kukunja, maji, na chakula cha kutosha. Vaeni gambuti, njia huteleza hata siku ambayo haijanyesha. Malipo ya mwongozaji ni kando na ada ya kuingia, basi ulizeni bei zote mbili kabla hamjaanza. Na msiseme mtatembea wenyewe ili kuokoa hela. Bila yule dada tungeona kijani tupu.

Tunarudi Desemba. Baba ameomba tumpate dada yule yule, na anataka kuanza na ule mche.